Kanda tatu za Coltrane zilizopotea zikapatikana: uanze na ipi?

Mpwa wangu anarudi Dar mwisho wa mwezi huu kutoka masomoni London, na begi lake lina nafasi ya albamu moja tu ya santuri. Juzi usiku kanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Niko dukani, naziona tatu za John Coltrane, zote wanasema zilipotea zikaja kuonekana. Nikuletee ipi?" Nilimjibu palepale, ila jibu la nusu dakika halikuniridhisha, kwa sababu swali hilohilo nimeshaulizwa na wengi hapa barazani kwangu Magomeni, hasa na wale tunaokutana Jumapili jioni kusikiliza muziki. Basi leo naziweka pamoja zote tatu za huyu mpiga saksafoni wa Marekani, kwa ajili ya mtu wa Dar anayetaka kuanza na moja.

Zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni tamasha la mpiga piano Thelonious Monk na Coltrane, Carnegie Hall, New York, lililorekodiwa tarehe 29 Novemba 1957 na kutolewa mwaka 2005. Ya pili ni Both Directions at Once, iliyorekodiwa studio tarehe 6 Machi 1963 ikatoka Juni 2018. Ya tatu ni Evenings at the Village Gate, Coltrane akiwa na Eric Dolphy, mpulizaji mwenzake, klabuni New York, Agosti 1961, iliyotoka Julai 2023. Mpiga saksafoni ni yuleyule, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kurekodiwa haifiki miaka sita, lakini ukizipiga mfululizo utadhani umesikia watu watatu tofauti.

Jazz isiyo na gita

Neno lenyewe tuliweke sawa kwanza. Sisi huku tumekua na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Kilwa Jazz. Kwetu jazz ni bendi: magita yanajibizana, besi inatembea, tumba zinalia, saksafoni na tarumbeta zinakuja kupamba, mwimbaji anaeleza kisa chake na watu wako uwanjani wanacheza. Mzee mmoja jirani yangu, aliyeicheza saboso ya Western Jazz ujana wake wote, alikaa kwangu akasikiliza Monk na Coltrane kama dakika kumi, kimya, halafu akaniuliza kwa upole: "Sasa jazz hii gita lake liko wapi?"

Swali la haki kabisa. Katika kanda zote tatu hakuna gita wala mwimbaji. Sikio lililolelewa na dansi litatafuta pa kujishikiza, na kila moja ya hizi tatu ina mahali pake pa kujishikiza. Mimi hapo ndipo ninapochagulia. Sifa za magazeti ya Ulaya na Marekani ninazisoma, lakini hazijawahi kuniambia mtu wa Magomeni ataanza kutikisa kichwa kwenye wimbo gani.

Zilivyopotea

Ukijua kanda ilipoteaje, umeshajua nusu ya kile utakachosikia.

Ile ya Carnegie Hall ilipotelea rafuni. Lilikuwa tamasha la hisani kwa ajili ya kituo cha jamii cha Morningside, Harlem, na usiku huohuo walipanda jukwaani Billie Holiday, Dizzy Gillespie, Ray Charles na Sonny Rollins. Waliorekodi ni Sauti ya Amerika, kwa nia ya kuwarushia wasikilizaji walio nje ya Marekani. Yaani kanda ile ilirekodiwa kwa ajili ya watu kama sisi, wenye redio za masafa mafupi mbali na New York. Haikurushwa. Ikaishia Maktaba ya Bunge kule Washington, ikakaa huko hadi mapema mwaka 2005, pale mtumishi wa maktaba hiyo, Larry Appelbaum, alipokuwa akihamisha kanda za zamani kwenda dijitali. Kwenye boksi moja mtu alikuwa ameandika kwa mkono "T. Monk".

Kupatikana kwake kulikuwa jambo kubwa kwa sababu Monk na Coltrane walipiga pamoja miezi kadhaa mwaka huo wa 1957 katika klabu ya Five Spot, na waliokuwepo walisimulia mpaka wakazeeka. Studio, kundi hilo la watu wanne liliacha nyimbo tatu tu. Vijana waliozaliwa baadaye walibaki kusimuliwa, kama sisi tunavyosimuliwa na wazee wetu usiku fulani wa dansi ambao hakuna aliyeurekodi.

Na hapa nitoke njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili linaniuma. Nikiwaza boksi lile la "T. Monk" mawazo yangu yanakwenda Barabara ya Pugu, siku hizi Barabara ya Nyerere, kwenye kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zetu zilikuwa zinakwenda pale kurekodi, na kwa kuwa hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, nyingi zilizobahatika zilifyatuliwa Nairobi, na nyimbo nyingine zote zikabaki hewani na kwenye kanda. Ningetamani kila boksi lililobaki lipate mtu wa kulifungua, kusoma herufi zilizoandikwa juu yake na kuiweka kanda kwenye mashine kabla haijaoza.

Turudi. Both Directions at Once ilipotea kwa njia nyingine. Kanda kuu za studio hazipo tena. Kilichobaki ni nakala ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, ambayo Coltrane alipewa siku hiyohiyo akasikilizie nyumbani. Akampa mkewe wa kwanza, Naima, na familia ya mama huyo ikaitunza zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo unachosikia ni nakala ya mwanamuziki mwenyewe, ile aliyoipiga sebuleni kwake kujua kama kazi ya mchana imekaa sawa.

Ya Village Gate ni fupi kuieleza: fundi sauti, Rich Alderson, alikuwa anajaribu mitambo mipya ya klabu, akatundika kipaza sauti kimoja na kurekodi. Kanda zikaja kuibukia kwenye Maktaba ya Umma ya New York, upande wa sanaa za jukwaani.

Carnegie Hall, kwa karibu

Wimbo wa kwanza unaanza polepole sana. Piano ya Monk inaweka noti mbili tatu, inanyamaza. Monk anapiga kama mzee anayetega kitendawili: akishasema lake anakuachia ukimya, na ndani ya ule ukimya ndipo unapoanza kufikiri. Coltrane anaingia humo. Mwaka ule alikuwa amefukuzwa kwenye kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis kwa sababu ya heroini na pombe, akaviacha vyote viwili, na unamsikia mtu aliyerudiwa na pumzi zake. Anamwaga noti kama choroko zinavyomwagwa kwenye ungo. Zinatawanyika kila upande, na hakuna hata moja inayodondoka nje.

Pa kujishikiza hapa ni tuni. Nyimbo za Monk ni fupi, zinajirudia, na zina kona ambazo mdomo unazikumbuka. "Blue Monk" utakuwa unaipigia mluzi ukiusikia mara ya pili. Ndiyo maana ninasema kanda hii inamfaa mtu wa taarabu hata kuliko mtu wa dansi, kwa kuwa mtu wa taarabu amezoea kukaa chini akafuata sauti moja inavyozunguka na kurudi nyumbani. Halafu angalia mpiga besi: Ahmed Abdul-Malik. Huyu alikuwa pia mpiga udi, na mwaka uliofuata, 1958, alirekodi albamu yake mwenyewe yenye udi na kanuni. Mtu wa Unguja au Tanga akiambiwa hivyo anakaa vizuri kitini.

Nyimbo ni tisa, jumla dakika 51, kutoka maonyesho mawili ya usiku uleule. Ule wa mwisho haukwisha: kanda inakomea katikati, dakika mbili na nusu hivi. Mara ya kwanza nilipofika hapo niliinua macho kuangalia feni, nikidhani umeme umekatika. Feni ilikuwa inazunguka. Nikabaki nimekaa, nikisubiri Monk amalizie.

Both Directions at Once

Hapa tuko studio kwa Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, na lile kundi la Coltrane ambalo dunia nzima inalijua: McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones drams. Walirekodi mchana kutwa. Kesho yake walirudi palepale na mwimbaji Johnny Hartman, wakatengeneza albamu nzima ya nyimbo za mapenzi za taratibu. Kwa hiyo kikao hiki kimebanwa katikati ya kazi, na unalisikia hilo. Nyimbo mbili hazikupewa hata majina, zinajulikana kwa namba za studio, 11383 na 11386. Jina la albamu lenyewe lilikuja baadaye sana, kutokana na maneno ambayo Coltrane aliwahi kumwambia mpiga saksafoni mwenzake Wayne Shorter kuhusu kuanza sentensi katikati na kuelekea mwanzo na mwisho kwa wakati mmoja.

Ukinialika meza ya fundi cherehani siku mbili kabla ya Idi, nguo nitaiona ni nzuri, lakini uzi wa kushikizia nao bado unaonekana. Ndivyo ilivyo albamu hii. "Slow Blues", dakika kumi na moja na ushee, ni kitu ambacho nakipiga usiku watoto wakishalala, na sijaona cha kukishinda katika kanda zote tatu. Lakini zima kwa zima ni kazi iliyokuwa bado inapimwa, na Coltrane mwenyewe hakuwahi kukaa na kuamua kwamba hizi ndizo nyimbo na huu ndio mpangilio.

Sonny Rollins, naye mpiga saksafoni, alisema kuipata kanda hii ni kama kugundua chumba kipya ndani ya Piramidi Kuu. Namuunga mkono, na kwa sababu hiyohiyo ninamshauri anayeanza aipite kwanza. Chumba kipya kinamfurahisha mtu aliyekwisha kuingia nyumbani, akajua sebule iko wapi na ukumbi unaelekea wapi. Asiyeijua nyumba ukimwingiza moja kwa moja chumba cha uani ataona kuta tu.

Yupo mtu mmoja ambaye ningemwambia aanze na hii bila kusita: kijana anayejifunza saksafoni. Naye achukue toleo kubwa, lenye vipande 14 badala ya saba, kwa kuwa wimbo wa "Impressions" umo mara nne, kila mara ukipigwa upya. Kumsikia bingwa akijaribu, akibadili, akijaribu tena, ni darasa ambalo hapa mjini hulipati kirahisi. Mtu mwingine yeyote achukue lile la kawaida tu.

Village Gate

Mzee jirani yangu, yule wa gita, nilimpigia hii wiki iliyofuata. Nyimbo nne za mwanzo alikuwa anakunywa kahawa yake. Ilipofika "Africa", goti likaanza kucheza. Hapo kuna besi mbili, Reggie Workman na Art Davis, na Elvin Jones nyuma yao ambaye mikono yake miwili na miguu yake miwili kila kimoja kina shughuli yake, kama wapiga ngoma wanne waliokubaliana. Wimbo unakwenda dakika 22. Kwenye dakika zile za drams peke yake mzee akaweka kikombe chini. "Hapa sasa pana ngoma," akasema. Gita hakuliulizia tena.

Hiyo ndiyo rekodi pekee inayojulikana ya Coltrane akiupiga wimbo huo mbele ya watu. Ule wa studio, wa mwaka huohuo, una kundi kubwa la tarumbeta na pembe. Huu uko uchi, na mimi naupenda zaidi hivi. Ni Agosti 1961, miezi minne kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, na wanamuziki weusi wa New York walikuwa wanatazama huku. Mwaka 1958 Coltrane alishapiga kwenye kibao kilichoitwa "Tanganyika Strut". Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, ambayo inafunguliwa na sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili. Kila nikikumbuka hilo nafurahi upya.

Ila lazima niseme ubaya wake. Kipaza sauti kilikuwa kimoja na hakikutundikwa kwa ajili ya santuri. Drams ziko mbele, piano ya Tyner mara nyingine inazama, na Dolphy akiwa kwenye klarineti yake ya besi utadhani yuko chumba cha pili. Ni kama umesimama mlangoni mwa ukumbi wa dansi umejaa: ngoma inakupiga kifuani, mengine unayapata kwa zamu. Anayetaka usafi hatavumilia. Mimi nimeingia kumbi nyingi kwa kusimama mlangoni, kwa hiyo haikunisumbua.

Utasikilizia wapi?

Kwenye simu, spika yake tupu, inayobaki na heshima yake ni Carnegie Hall, kwa kuwa piano na saksafoni zinasikika hata besi ikipotea. Village Gate kwenye simu usijaribu. Kwenye sabufa ya sebuleni, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyo nayo, punguza besi kabla hujaiweka Village Gate, la sivyo zile besi mbili zitanguruma na kumfunika kila mtu. Both Directions ni mono, sauti ileile masikio yote mawili. Kwa hiyo kwenye daladala unaweza kumpa mwenzako sikio moja la hedifoni na hakuna kati yenu atakayekosa kitu.

Kwa wanaosikiliza kwa bando: kwa ubora wa kati wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika 51 za Carnegie Hall zinakula kama MB 60, na Village Gate, yenye takribani dakika 80, inakaribia MB 100. Pakua ukiwa kwenye waifai, usikilize baadaye.

Kwa wa santuri, unyevu wa Dar mnaujua. Isimamishe wima, usiilaze, iwe mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika, na usiiache ndani ya gari hata kwa nusu saa ya kuingia dukani. Village Gate ni santuri mbili, kwa hiyo utanyanyuka kuzigeuza. Wengine wanalipenda hilo.

Basi, ipi?

Kama umelelewa na Msondo na Sikinde, na muziki kwako unaanzia miguuni, chukua Village Gate na uanzie wimbo wa mwisho. Kama tayari unalo kundi la Coltrane la miaka ya sitini kwenye kabati au kwenye simu, Both Directions itakufungulia mlango ambao hukujua upo. Waliobaki wote, na ndio wengi, waanze na Carnegie Hall. Sauti yake ni safi, tuni zake zinashikika, ni kazi ya watu waliojua usiku ule wanachokifanya, na kwa muda mrefu ilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Hizi nyingine mbili zinaongeza kwenye kile tulichokuwa nacho. Hii ilituletea kitu ambacho karibu hatukuwa nacho kabisa.

Mpwa wangu nimemwambia alete ya Carnegie Hall, aifunge katikati ya nguo, asiiweke chini ya begi karibu na magurudumu. Ya Village Gate mzee jirani ameshatenga fedha yake, na kila anayepita barazani anamuuliza kama ana mtu anayesafiri karibuni.